Penman: Mwanafizikia aliyeyapima maji yanayohama shambani bila kuonekana

MTU aliyewawezesha wataalamu kukadiria ni lita ngapi za maji zinazopaa hewani kutoka shambani, pasipo hata kulikanyaga shamba lenyewe, hakuwa mkulima wala mhandisi wa mabwawa. Howard Latimer Penman alikuwa mwanafizikia, mzaliwa wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, na hesabu aliyoichapisha mwaka 1948 ndiyo mzizi wa hesabu zinazotumiwa hadi leo kupanga maji ya kunyunyizia mimea katika pembe nyingi za dunia.

Miongoni mwa wanasayansi wa maji na kilimo, jina lake hutajwa kila siku. Hapa Kenya halijavuma sana nje ya maabara na ofisi za maji, ilhali ramani inayoligawa taifa hili katika maeneo ya mvua ya kutosha na maeneo kame ilichorwa kwa kutegemea hesabu yake. Hata ubishi wa zamani kuhusu chai na misitu ya Kericho uliamuliwa kwa mizani aliyoitengeneza yeye.

Penman alizaliwa tarehe 10 Aprili 1909 huko Dunston, kando ya Mto Tyne, katika eneo lililojulikana kwa makaa ya mawe na viwanda kuliko kwa mashamba. Alisomea fizikia katika Chuo cha Armstrong mjini Newcastle, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Durham. Mnamo 1937 alijiunga na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, mjini Harpenden, na hapo ndipo alipofanyia kazi hadi alipostaafu mwaka 1974.

Rothamsted haikuwa mahali pa kawaida. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1843, na tangu 1870 kilikuwa na vipande vitatu vya udongo vilivyojengewa kuta na sakafu yenye matundu, kimoja kikiwa na kina cha takriban nusu mita, cha pili mita moja na cha tatu mita moja na nusu. Mvua iliyoanguka juu yake ilipimwa, na maji yaliyochuruzika chini yakapimwa pia. Kwa kuwa hapakuwa na mmea wowote juu yake, tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ilikuwa, kwa muda mrefu, ni maji yaliyorudi hewani. Penman alikuta kumbukumbu za karibu miaka 70 zikimsubiri. Ni wanasayansi wachache wanaobahatika kurithi daftari kama hilo, na ingefaa wanaopunguza bajeti za vituo vya kupimia mvua walitafakari jambo hilo.

Kazi yake ya kwanza iliyompa sifa ilihusu pumzi ya udongo. Mwaka 1940 alichapisha matokeo ya majaribio kuhusu namna gesi na mvuke zinavyopenya katikati ya chembe za udongo. Mwaka uliofuata aligeukia ukaukaji wa udongo usio na mimea, na akaonyesha jambo ambalo mkulima wa Ukambani angelitambua mara moja: jua kali linapoukausha upesi uso wa udongo, tabaka lile jembamba lililokauka huwa kama kifuniko, na maji yaliyo chini yake hubaki. Ukaukaji wa polepole waweza hatimaye kupoteza maji mengi zaidi kuliko ule wa haraka.

Swali kubwa lilikuwa bado mbele yake. Je, shamba hupoteza maji kiasi gani kwa siku, na mtu atajuaje bila kuchimba udongo na kuupima kila wiki?

Jambo lenyewe si geni kwa yeyote aliyewahi kutundika kanga iliyofuliwa. Kanga hukauka upesi jua likiwaka, kwa sababu kugeuza maji kuwa mvuke kunahitaji nishati. Hukauka upesi zaidi upepo ukivuma, na hukauka Garissa kuliko Mombasa, kwa kuwa hewa kavu hupokea mvuke kwa urahisi kuliko hewa iliyokwisha kushiba unyevu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza John Dalton alikuwa amekwisha kuuhusisha uvukizaji na ukavu wa hewa pamoja na nguvu ya upepo. Wengine waliomfuata walishika upande wa nishati: kilo moja ya maji huhitaji takriban megajuli 2.45 ili igeuke mvuke, hivyo ukijua nishati iliyobaki ardhini baada ya ile inayoakisiwa na ile inayorudi angani, waweza kukisia maji yaliyopaa.

Kila njia ilikuwa na kikwazo, na kikwazo kilikuwa kimoja: joto la uso wenyewe wa maji, udongo au jani. Vituo vya hali ya hewa hupima joto la hewa kivulini. Havipimi joto la jani lililo juani. Bila tarakimu hiyo, hesabu zote mbili zilikwama.

Penman aliziunganisha. Aliandika hesabu ya nishati na hesabu ya upepo kwa pamoja, kisha akatumia kasi ambayo uwezo wa hewa kubeba mvuke huongezeka kadiri joto linavyopanda. Kwa njia hiyo, lile joto lisilojulikana lilijifuta lenyewe, kama mwanafunzi wa sekondari anavyoiondoa herufi moja katika milinganyo miwili ya pamoja. Vilivyobaki vilikuwa vitu vinne ambavyo karani wa kituo cha hali ya hewa huviandika kila siku: joto la hewa, unyevu wa hewa, mwendo wa upepo na saa za jua kuwaka.

Faida yake haikuwa ndogo. Kwa kuwa tarakimu hizo zilikwisha kuandikwa kwa miaka mingi katika vituo vingi, mtu angeweza kurudi nyuma na kukadiria uvukizaji wa miaka ambayo hakuna aliyeupima.

Hesabu hiyo haikuachwa ikae karatasini. Huko Rothamsted kulikuwa na mapipa yaliyofukiwa ardhini, mengine yakiwa na maji ya wazi, mengine udongo mtupu uliolowa, na mengine nyasi zilizopewa maji ya kutosha. Vipimo vya 1944 na 1945, wakati vita vikiendelea, ndivyo vilivyotumiwa kuujaribu mlinganyo. Upande wa nishati ulifaulu vizuri. Upande wa upepo, kama nadharia ilivyoueleza, haukutosha, na Penman, bila kuona haya, akaiacha nadharia na kuchukua kanuni ya vipimo iliyokuwa imepatikana Marekani.

Matokeo yalikuwa rahisi kukumbuka. Udongo mtupu uliolowa ulipoteza takriban asilimia 90 ya kile ambacho maji ya wazi yangepoteza. Nyasi zilipoteza asilimia 60 wakati wa baridi, 70 katika miezi ya kati, na 80 wakati wa kiangazi cha Ulaya, tofauti ambayo Penman aliihusisha na urefu wa mchana. Kisha akaipeleka hesabu yake Marekani, Ulaya, India na katika mabonde ya mito ya Uingereza, akailinganisha na vipimo vya watu wengine, na ikasimama.

Makala hayo yalitoka mwaka 1948 katika jarida la Royal Society ya London. Mwaka huo huo, Mmarekani Charles Thornthwaite alichapisha njia yake, iliyohitaji joto la hewa peke yake. Ilikuwa nyepesi kutumia na ikapendwa, lakini joto pekee halielezi upepo wala ukavu wa hewa, na katika nchi za tropiki, ambako joto hubadilika kidogo kati ya mwezi na mwezi, upungufu huo huonekana upesi.

Hapa yafaa kusimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo hesabu ya Penman inapoeleweka vibaya, hasa nyakati za ukame. Mlinganyo wake haupimi maji yaliyotoka shambani. Unapima maji ambayo anga ingeyachukua endapo shamba lingekuwa nayo ya kutoa. Kunapokuwa na mvua, mambo hayo mawili hukaribiana. Mvua inapokatika, anga hudai zaidi na zaidi, huku shamba likiwa na kidogo na kidogo cha kutoa. Ofisa anayechukua dai la anga na kuliandika kana kwamba ndilo matumizi ya shamba atajikuta akigawa maji ambayo hayapo.

Penman alilijua hilo tangu awali. Mwaka 1949 alichapisha makala mengine yaliyoeleza kwamba mmea huendelea kutumia maji kwa kasi kamili hadi upungufu udongoni ufikie kiwango fulani, kinachotegemea kina cha mizizi. Zaidi ya hapo, matumizi hushuka sana. Katika hesabu zilizotumiwa baadaye Uingereza, nyasi za mizizi mifupi zilipewa milimita 75 hivi, na misitu 200. Ndiyo sababu nyasi hukauka na kugeuka rangi wakati mti ulio karibu nazo ungali kijani.

Kuanzia hapo, udongo uliweza kutunziwa hesabu kama ya benki. Tuseme mlinganyo unaonyesha milimita tano kwa siku, na katika siku kumi mvua imeleta milimita 12 tu. Shamba lililofunikwa na mimea yenye nguvu litakuwa na deni la milimita 38. Kwa kuwa milimita moja juu ya hekta moja ni lita 10,000, deni hilo ni lita 380,000. Mkulima anayejua tarakimu hiyo hufungua mfereji kwa kipimo. Asiyeijua hufungua kwa jicho, na anayemwaga kupita kiasi huyapokonya maji mashamba yaliyo chini yake.

Tangu 1951, Penman alisimamia majaribio ya kunyunyizia maji katika ardhi ya kichanga ya Woburn, akipanda nyasi, viazi, shayiri na viazisukari vya kutengenezea sukari. Waingereza wengi walishangaa kwamba nchi yao, inayosifika kwa mvua, ingehitaji maji ya mfereji. Takwimu zilionyesha kwamba katika sehemu za kusini mashariki, miaka mingi mimea huwa na kiu wakati wa kiangazi. Mwaka 1954, wizara ya kilimo ya nchi hiyo ilitoa kijitabu cha kukokotoa mahitaji ya maji ya mimea kwa kufuata njia ya Penman, kikiwa na majedwali ambayo mkulima angeweza kuyatumia.

Wakati huo huo hesabu hiyo ilikuwa imekwisha kuvuka bahari na kufika Muguga, karibu na Kikuyu. Huko kulikuwa na shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO, mahali ambapo baadaye pakawa makao makuu ya taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI. Mtafiti Charles Pereira, ambaye baadaye alipewa cheo cha Sir, aliutumia mlinganyo huo katika mashamba ya kahawa, na mwaka 1957 akachapisha vipimo vya maji yanayotumiwa na kahawa ya Kenya ili kuongoza unyunyiziaji.

Jaribio lililokuwa na uzito zaidi lilikuwa la Kericho. Makampuni ya chai yalitaka kufyeka sehemu ya msitu wa kusini magharibi mwa Mau, na hofu ikazuka kwamba mito ingekauka. Mabonde mawili yakachaguliwa: Lagan likaachwa na msitu wake, na sehemu ya bonde la Sambret ikafyekwa na kupandwa chai. Mvua ilipimwa, maji ya vijito yakapimwa, na kiasi kilichopaa kikalinganishwa na hesabu ya Penman, ili mwaka wa jua kali na mwaka wa mawingu vipimwe kwa ratili moja. Huko Kimakia, katika milima ya Aberdare, swali lilikuwa la misonobari iliyochukua nafasi ya mianzi. Mbeya, Tanganyika, bonde lenye msitu lilipimwa sambamba na bonde lililolimwa.

Kulikuwa na kazi ya ziada. Muguga iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi, jambo ambalo Penman hakulazimika kulijali alipokuwa Harpenden. Mwaka 1965, J. S. G. McCulloch alitayarisha majedwali ya kukokotoa haraka mlinganyo huo, yakizingatia mwinuko wa mahali. Kwa vijana waliozoea tarakilishi, ni vigumu kufikiria jinsi majedwali hayo yalivyookoa saa za makarani. Kericho pia kuliwekwa lisimita, chombo kikubwa kilichojazwa udongo na kupandwa chai, kikiwa kimelazwa juu ya mizani ya maji, ili kupungua kwa uzito wake kuonyeshe maji yaliyopaa.

Jibu la Kericho liliwashangaza wengi. Chai iliyokomaa na kutunzwa vyema haikutumia maji mengi kuliko msitu ilioupisha. Ilitumia pungufu kidogo. Wapo waliolichukua jibu hilo kama ruhusa ya kufyeka, nao walikosea kulisoma. Lilihusu jumla ya maji ya mwaka, katika mashamba makubwa yenye makinga maji na mitaro iliyochimbwa kwa ustadi. Halikusema lolote kuhusu mteremko uliofyekwa ukaachwa wazi, wala kuhusu udongo unaobebwa na mafuriko. Waliofuatilia malumbano ya miaka mingi kuhusu Msitu wa Mau watakumbuka jinsi hoja hizo mbili zinavyochanganywa.

Mwaka 1968, T. Woodhead alikokotoa uvukizaji wa vituo mbalimbali vya Kenya kwa njia ya Penman. Sehemu za kaskazini zilionyesha dai la anga linalozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Lodwar hupata mvua ya karibu milimita 200. Wachora ramani wa udongo wa Kenya, katika ramani yao ya 1980, waliigawa nchi katika kanda saba kwa kugawanya mvua ya mwaka kwa uvukizaji wa maji ya wazi. Kanda ya kwanza ni pale mvua inapofikia zaidi ya asilimia 80 ya dai la anga. Ya saba ni pale isipofika 15. Mkulima akiambiwa kwamba shamba lake liko kanda ya tano, asipoteze wakati na mahindi ya nyanda za juu, nyuma ya ushauri huo kuna hesabu ya mtu wa Dunston.

Kwao Uingereza, Penman aliongoza idara ya fizikia ya Rothamsted tangu katikati ya miaka ya 1950, akawa rais wa chama cha wanasayansi wa hali ya hewa kuanzia 1961 hadi 1963, na mwaka 1962 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Kitabu chake kuhusu mimea na mwenendo wa maji kilitoka 1963. Mwenzake wa kituoni, John Monteith, ndiye aliyeipeleka mbele kazi hiyo. Mwaka 1965 aliongeza katika mlinganyo kile ambacho Penman alikuwa amekizunguka: ukinzani wa jani lenyewe, ambalo hufunga vitundu vyake vidogo linapobanwa na kiu. Tangu hapo majina yao yakaunganishwa, na mlinganyo ukaitwa wa Penman na Monteith.

Miaka miwili baada ya Penman kustaafu, Uingereza ilipigwa na ukame wa 1975 na 1976. Bunge likapitisha sheria ya dharura mwezi wa Agosti 1976, na katika sehemu nyingine wakazi wakachota maji kwenye mabomba ya mitaani, jambo walilozoea kulisikia likitokea kwingine. Baadaye idara ya hali ya hewa ya huko ikaanzisha mfumo wa kukokotoa upungufu wa maji udongoni kwa nchi nzima, ukiegemea mlinganyo wa Penman na Monteith.

Penman alifariki tarehe 13 Oktoba 1984. Mwaka huo mvua za masika zilikuwa zimeikataa Kenya, na wananchi wakala mahindi ya manjano yaliyoletwa kwa meli.

Mwaka 1990, wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, walikutana Roma na kupendekeza mlinganyo wa Penman na Monteith uwe kipimo kimoja cha dunia. Mwongozo wake ulichapishwa 1998. Unafikiria uwanja wa nyasi zenye urefu wa sentimita 12, zisizokosa maji, kisha kila zao hupewa kizidisho chake kulingana na umri. Setilaiti nazo sasa hukadiria uvukizaji halisi kwa kupima joto la uso wa ardhi, lile lile ambalo Penman alilazimika kulikwepa.

Mvua zilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika, kuanzia mwishoni mwa 2020, picha zilizochapishwa zilikuwa za mizoga ya mifugo na ardhi iliyopasuka. Mwezi wa Aprili 2023, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walitoa uchunguzi wao kuhusu ukame huo, kusini mwa Ethiopia, kusini mwa Somalia na mashariki mwa Kenya. Hawakuangalia mvua peke yake. Waliangalia pia maji ambayo anga iliyopata joto ilikuwa ikiyadai kutoka kwa udongo na mimea. Walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yameufanya ukame wa aina hiyo uwezekane kwa takriban mara 100 zaidi, na kwamba katika dunia iliyo baridi zaidi kwa nyuzi 1.2, mvua hiyo hiyo haba isingetosha kuleta ukame.